Kipofu na Baraza la Mtandaoni

Tangu zama za wazee wetu baraza lilikuwa jambo la sauti. Watu walikusanyika chini ya mti, mzee akafungua maneno, mwingine akajibu, wa tatu akapinga, hata shauri likapatikana. Katika baraza la namna hiyo kipofu hakuwa na upungufu mkubwa. Alimjua msemaji kwa sauti yake, akatambua kwa kikohozi chake kwamba amekasirika, na zamu yake ilipofika alisema akasikilizwa. Macho yalimfaa mtu katika kufika barazani. Alipokwisha kuketi, kazi ilikuwa ya masikio na akili.

Simu ilipokuja haikuiharibu desturi hii. Watu watano wa miji mitano wakizungumza pamoja kwa simu, wote huwa vipofu kwa muda, maana hapana amwonaye mwenziwe. Ni ajabu basi kwamba chombo kilichofuata, yaani mkutano wa mtandaoni, ambao ungaliweza kuwa baraza jema kupita yote kwa mtu asiyeona, kwa kuwa haumlazimishi hata kutoka nyumbani kwake, ulimjia ukiwa na milango mingi iliyofungwa. Katika insha hii nataka kueleza jinsi milango hiyo ilivyofungwa, na ni nani walioanza kuifungua. Habari yenyewe si ngeni kama tunavyodhani. Chanzo chake kiko mbali, katika mji wa Paris, wakati ambapo hata umeme wa taa haujapatikana.

Mwaka 1771 kijana mmoja wa Kifaransa aitwaye Valentin Haüy aliona katika gulio la Paris vipofu waliovishwa mavazi ya kipuuzi, wakapewa ala za muziki wapige ovyo ili watazamaji wacheke. Jambo hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1785 alifungua shule ya watoto vipofu, ya kwanza ya namna yake. Haüy alitaka wanafunzi wake wasome, na njia aliyoivumbua ilikuwa kupiga chapa herufi zile zile za kawaida, ila kubwa na zenye kutuna juu ya karatasi nzito, ili kidole kipate kuzipapasa. Ilikuwa heri kuliko kukosa kabisa. Lakini vitabu vyake vilikuwa vikubwa na vizito mno, na kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu sana, kwa maana umbo la herufi iliyobuniwa kwa ajili ya jicho si umbo linalokipendeza kidole. Tena palikuwa na upungufu mwingine mkubwa zaidi: mwanafunzi aliweza kusoma kidogo, lakini hakuweza kuandika. Yaani aliweza kuambiwa, asiweze kujibu. Msomaji na alishike jambo hili, kwa sababu tutalikuta tena mbele.

Katika shule hiyo aliingia mwaka 1819 mtoto wa miaka kumi, jina lake Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichezea vyombo vya karakana, akajidunga jichoni kwa msharasi. Jicho likaharibika, ugonjwa ukaambukia jicho la pili, na kabla ya kutimiza miaka sita alikuwa haoni kabisa. Pale shuleni alikuta vitabu vya Haüy. Mnamo mwaka 1821 walipata habari za ofisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, aliyebuni maandishi ya nukta zilizotuna ili yasomwe gizani. Wazo lilikuwa jema, lakini nukta zake zilifika kumi na mbili kwa alama moja, nyingi kuliko ncha ya kidole inavyoweza kuzikusanya kwa mguso mmoja, na ziliandika sauti tu, bila tahajia. Kijana Braille alifanya kazi juu yake usiku na wakati wa likizo, akazipunguza nukta zikawa sita. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu kazi ilikuwa imekwisha katika sehemu zake zote za maana, na mwaka 1829 ilichapishwa. Kwa nukta hizo sita hupatikana alama 63, nazo zinatosha herufi, tarakimu, vituo, hata muziki. Na zaidi ya yote, kipofu aliweza kuziandika mwenyewe kwa kibao na kijisindano.

Ingedhaniwa kwamba walimu waliruka kwa furaha. La. Katika miaka ya 1840 mkuu wa shule ile ile aliyakataza maandishi hayo, na wanafunzi wakayatumia kwa siri. Hoja ya wenye macho ilikuwa kwamba maandishi ya vipofu yasitengane na maandishi ya watu wengine. Hoja hii ina sura ya wema, na simwiti mtu mbaya aliyeitoa. Hata hivyo maana yake ilikuwa kwamba chombo cha kipofu kipimwe kwa jicho la asiyekihitaji. Braille alikufa tarehe 6 Januari 1852, na serikali ya Ufaransa ikayakubali maandishi yake rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kuzikwa. Kwetu Kenya breli ilipata makao mwaka 1946, wakati Jeshi la Wokovu lilipoanzisha huko Thika shule ya vipofu ambayo sifa zake zimeenea nchi nzima.

Sasa turuke zaidi ya miaka mia moja, tufikie kompyuta.

Kompyuta za mezani za miaka ya 1980 zilionyesha maandishi matupu, aghalabu mistari 25, kila mstari una nafasi za herufi 80. Kwa mtu asiyeona hii ilikuwa bahati kubwa ambayo haikukusudiwa na yeyote. Kila herufi iliyoonekana juu ya skrini ilikuwa imehifadhiwa mahali pake ndani ya mashine kama herufi, kwa hiyo programu ndogo iliweza kuichukua na kuipeleka katika chombo cha kutoa sauti, nacho kikaitamka. Programu ya namna hiyo huitwa kisoma-skrini. Katika kampuni ya IBM ya Marekani, Jim Thatcher aliitengeneza moja pamoja na Jesse Wright, mwalimu wake wa zamani ambaye hakuwa anaona. Na huko Florida palikuwa na Ted Henter, mhandisi na mwendesha pikipiki wa mashindano, aliyepoteza macho yake katika ajali ya motokaa mwaka 1978. Alijifunza upya kazi nyingine, kazi ya kuandika programu, na mwaka 1987 akaanzisha kampuni pamoja na Bill Joyce, ambaye naye alikuwa kipofu. Mwaka 1989 walitoa kisoma-skrini kiitwacho JAWS, ambacho kinatumika duniani hata leo.

Basi kwa miaka michache karani asiyeona aliweza kukaa kando ya karani mwenye macho, wakafanya kazi moja kwa mashine moja. Kisha skrini ikageuzwa ikawa picha. Macintosh ilitangulia mwaka 1984, na Windows ikaenea maofisini katika miaka ya 1990. Mahali pa maneno pakawekwa madirisha, michoro midogo, na mshale unaosukumwa kwa kipanya. Watu wenye macho walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu mambo yalirahisika. Lakini neno lililochorwa kama picha si neno tena kwa kompyuta, bali ni nukta tu za rangi, nyeusi hapa na nyeupe pale. Nukta sita za Braille zilibeba maana. Nukta hizi elfu kwa elfu hazikubeba chochote ambacho kisoma-skrini kingeweza kukitamka. Watu waliokuwa na kazi zao juzi, leo waliogopa kuzipoteza. Hawakuwa wamepungukiwa na akili wala bidii. Kilichobadilika ni skrini.

Wokovu ulikuja kwa hatua. Kwanza, mafundi walitega programu zao katika njia ya amri za kuchora, wakazinasa kabla hazijawa picha, wakajenga ndani ya kumbukumbu ya mashine nakala ya skrini iliyoandikwa kwa maneno. Ilikuwa kazi ngumu yenye kuharibika kila programu zilipobadilishwa. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. Baadaye ikapatikana njia bora, nayo ndiyo msingi wa mambo yote hadi leo: kila kitu kilicho juu ya skrini kijitambulishe chenyewe kwa kisoma-skrini. Kijitaje jina lake, kiseme kazi yake, na kieleze hali yake. Kwa mfano: “Kipaza sauti, kitufe, kimefungwa.” Maneno matatu tu, na kipofu anajua yote anayoyajua mwenye macho. Lakini ikiwa mtunga programu alisahau kukipa kitufe jina, basi kisoma-skrini hakina la kusema ila “kitufe”. Na vitufe sita vikisahauliwa, mtu husikia “kitufe, kitufe, kitufe”, kama mgeni aliyefika katika nyumba ya milango sita isiyo na tofauti, hajui upi ni wa sebule na upi ni wa choo.

Palibaki jambo la bei. Visoma-skrini vilivyokuwa bora viliuzwa kwa karibu dola 1,000 za Marekani, fedha inayopita thamani ya kompyuta yenyewe, na kipofu wa Kakamega au wa Kitui angezitoa wapi? Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika kisoma-skrini cha kutolewa bure. Aliungana na James Teh, kipofu mwenziwe, ambaye walijuana utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Kazi yao, NVDA, hutumiwa leo katika nchi nyingi, na hapana anayedaiwa hata senti. Sauti inayokuja pamoja nayo, iitwayo eSpeak NG, inajua Kiswahili pia. Haina utamu, inasema kama mtu aliyeziba pua. Walakini ni afadhali mara kumi kuliko kusikia habari za Kiswahili zikitamkwa na sauti ya Kiingereza, ambayo hulipinda neno kama “mkutano” hata mwenye lugha asilitambue.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi wa Machi 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya na shule zote zikafungwa. Ofisi, makanisa, vyama, mahakama, na shule zile zilizoweza, zilihamia mtandaoni kwa muda wa wiki chache. Zoom, programu ya mikutano ambayo watu wengi hawakuwa wameisikia, ilihesabu washiriki milioni 10 kwa siku mwezi wa Desemba 2019, na mwezi wa Aprili 2020 ikahesabu milioni 300, ingawa mtu aliyeingia mikutano mitatu alihesabiwa mara tatu. Vipofu walihamia pamoja na wengine. Na hapo ndipo kila kosa la zamani lilipoonekana tena.

Na tumfikirie mwanafunzi mmoja asiyeona, amekaa nyumbani kwao na kompyuta yenye NVDA, masomo yameanza. Kipanya hakimfai, maana haoni mshale uko wapi. Kazi yake yote huifanya kwa kibodi. Sikio moja linamsikiliza mwalimu, na sikio hilo hilo linakisikiliza kisoma-skrini. Hapa pana tabu ambayo mwenye macho haijui. Mwenye macho anaweza kusoma ujumbe uliopita kando ya skrini huku akisikiliza, kwa kuwa jicho na sikio ni milango miwili. Kipofu ana mlango mmoja kwa yote mawili. Mwalimu anaeleza chanzo cha Vita vya Majimaji, na katikati ya sentensi kisoma-skrini kinatangaza: fulani ameingia, fulani ameondoka, fulani ameandika “Habari ya asubuhi mwalimu”, fulani mwingine ameandika “Nzuri”. Wanafunzi arobaini wakisalimiana kwa maandishi, asiyeona hasikii vita wala amani. Wengine hujisaidia kwa kuweka sauti ya mkutano katika sikio la kulia na ya kisoma-skrini katika sikio la kushoto, na wenye mazoezi huizidishia mwendo sauti hiyo ya pili hata mtu mwingine akiisikia hudhani ni mbu. Ni ustadi wa kustahiwa, lakini mtu anayejifunza historia hapaswi kulazimika kufanya mazingaombwe.

Lililo baya kuliko yote ni skrini inayoshirikiwa. Mwalimu anapowaonyesha wanafunzi ukurasa ulio katika kompyuta yake, kinachosafiri mtandaoni si ukurasa. Ni picha yake, mfano wa sinema. Maneno yamegeuka nukta za rangi mara nyingine, kama yalivyogeuka skrini zilipokuwa picha. Kisoma-skrini hakina la kukamata. Mwalimu asemapo, “Kama mnavyoona hapa,” mmoja wao haoni, na kwa adabu yake hanyoshi mkono kila mara kuuliza. Vivyo hivyo barua na ajenda tunazotumiana kwa simu baada ya kuzipiga picha mezani. Nasi Wakenya tumeizoea sana desturi hii: karatasi hupigwa muhuri, hupigwa picha, hutumwa. Kwa asiyeona ni karatasi tupu yenye muhuri asiousikia.

Pana jambo la kujibu pia, lile nililomwomba msomaji alishike. Kusikia mkutano si kuwamo mkutanoni. Asiyejua kama kipaza sauti chake kimefungwa au kiko wazi huogopa kusema, na huogopa hata kupiga chafya. Asiyekiona kitufe cha kunyosha mkono hapewi zamu, na mwenyekiti hudhani ameridhika. Wanafunzi wa Haüy walisoma bila kuandika. Huyu husikia bila kusema.

Sasa, je, mambo haya yameachwa hivyo? Hayakuachwa, na sifa kubwa ni ya vipofu wenyewe walioandika malalamiko, wakayajaribu matoleo mapya, wakarudia kulalamika. Programu kubwa za mikutano zina njia za mkato za kibodi. Katika Zoom ya Windows, kubonyeza Alt na A pamoja hufunga au kufungua kipaza sauti, na Alt na Y huinua au kushusha mkono. Mtumiaji anaweza kuchagua ni matangazo gani asomewe na yapi yanyamazishwe, hata salamu za watu arobaini zisimfikie. Microsoft Teams, iliyoanza mwaka 2017, inaweza kumpa kila mshiriki slaidi zenyewe za PowerPoint badala ya picha yake, zikafunguliwa na kusomwa na kisoma-skrini kwa mwendo wa msomaji. Hili laonyesha kwamba picha haikuwa lazima tangu hapo.

Sheria nazo zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia breli, lugha ya ishara, au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata pia kiwango chake chenyewe cha kuzifanya huduma na vyombo vya kompyuta viweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Maandishi haya ni mazuri. Hata hivyo hakuna kifungu kinachoweza kuingia katika mkutano wa saa nne asubuhi na kumzuia mwenyekiti asiseme “kama mnavyoona”. Kazi hiyo ni ya mwenyekiti mwenyewe, na haimgharimu kitu. Atume ajenda siku moja mbele, ikiwa maandishi halisi na si picha. Kila msemaji ajitaje kabla ya kusema, maana sauti ishirini zilizopita katika waya hufanana. Salamu zisemwe kwa kinywa. Na kilicho juu ya skrini kitajwe kwa maneno.

Hili la mwisho nililifahamu vizuri kwa kufikiri somo la hesabu, ambalo watu wengi hudhani haliwezekani kufundishwa kipofu kwa mbali. Yuko mwalimu asemaye, “Chukueni hii, gawanyeni kwa hii, halafu leteni hapa mjumlishe na ile.” Macho yakifumbwa, sentensi hiyo haina kitu ndani yake. Mwalimu mwingine, kwa ubao ule ule, husema, “Chukueni ishirini na nne, gawanyeni kwa sita, kisha jumlisheni tano.” Hakutumia chombo kipya wala hakupoteza dakika. Na nyumbani kwao mwanafunzi yule abonyeza Alt na Y, asikia katika sikio la kushoto kwamba mkono wake umeinuka, angoja jina lake litajwe, afungua kipaza sauti, na kusema, “Mwalimu, ni tisa.”